Kutoka kaunta hadi OCD: njia niliyopita mwanamke polisi, kwa mabinti wa Dodoma wanaoingia depo

MamaWaJalada (mwanzisha uzi)

Wakuu, poleni na majukumu. Wa Dodoma, mbukwenyi.

Mtoto wa kaka yangu amepata nafasi ya kozi ya awali ya polisi. Wiki iliyopita alinijia nyumbani Kisasa, akakaa barazani, akaniuliza swali moja tu: "Shangazi, nifanye nini nisije nikazeekea kaunta?" Nilimjibu juujuu kwa sababu kulikuwa na wageni, ila usiku swali lilinirudia. Mimi nimetumikia miaka 35. Niliingia Chuo cha Polisi Moshi mwaka 1988 nikiwa na miaka 20, namba yangu ikianza na WP kama ya kila askari wa kike, na nimestaafu kwa hiari mwaka 2023 nikiwa Mrakibu Mwandamizi, OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya. Sikufika kwenye ukamishna. Ila nimeona nani anapanda na nani anabaki, na kwa nini.

Kwanza ngazi, maana wengi wanachanganya. Unaanza Konstebo, unakuwa Koplo, Sajenti, Staff Sajenti, Sajenti Meja. Hapo bado uko upande wa askari. Ukivuka unakuwa Mkaguzi Msaidizi, unavaa nyota, halafu Mkaguzi, Mrakibu Msaidizi, Mrakibu, Mrakibu Mwandamizi. Juu yake kuna Kamishna Msaidizi, Kamishna Msaidizi Mwandamizi, Naibu Kamishna, Kamishna, na mwisho IGP, mkuu wa polisi nchi nzima. Makamanda wa mikoa wengi unawakuta kwenye zile ngazi mbili za Kamishna Msaidizi. Hata ukiwa na digrii ya UDOM, kwata utaanza nayo kama kuruta mwingine.

Sasa jibu la swali la binti. Mwanamke polisi hukwama kwa kupendelewa kuliko kwa kuonewa. Ukifika kituoni na mwandiko mzuri na sauti ya upole, mkuu wako anakuonea huruma. Hataki ulale lindo, hataki upande gari la doria kwenda porini usiku. Anakupa masijala, anakupa simu, anakupa kupokea wageni. Unafurahi. Miaka kumi inapita, inakuja nafasi ya kuongoza kituo, wanafungua faili lako: hujawahi kupeleleza kesi hata moja mpaka hukumu, hujawahi kuongoza zamu. Nafasi anapewa mwenzako mliyetoka naye depo, aliyekuwa analowa mvua wakati wewe upo ndani. Na kusema haki, anastahili.

Mimi niliponea kwenye jalada moja, yaani faili moja la kesi.

Ilikuwa miaka ya tisini mwishoni, wilaya moja ya mkoa wetu. Ilikuja taarifa kwamba kuna kichanga kimekeketwa kijijini na hali yake ni mbaya. Wa Dodoma na Singida mnajua habari ya lawalawa: mtoto wa kike akiugua huko chini, bibi anasema dawa yake ni kukeketwa, kwa hiyo anakatwa akiwa bado hana meno. Walikwenda wapelelezi wawili wanaume, wakarudi mikono mitupu. Kijiji kizima hakina mtoto mgonjwa. Mkuu wa upelelezi akauliza nani yupo zamu, nikasema mimi afande, akanitazama kidogo, akasema haya, nenda.

Sikuvaa sare. Nilifika kwa mama wa mtoto nikamkuta anabangua karanga za mbegu, nikavuta kigoda nikabangua naye. Tulibangua kwa muda wa saa tatu hivi. Tulizungumza mvua, tulizungumza uwele ulioliwa na ndege, mkwe wake akipita uani kila mara kutazama kama nimeondoka. Jua lilipoanza kuinama yule mama akaingia ndani, akatoka na khanga mikononi, akaniwekea mapajani bila neno. Ndani ya khanga alikuwamo mtoto, moto kama kaa.

Tulimwahisha hospitali, akapona. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ikajazwa, ngariba akakamatwa. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ilikuwa mpya kabisa, ndiyo iliyoingiza kosa la kumkeketa binti wa chini ya miaka 18, kifungo kuanzia miaka 5 hadi 15. Lakini mahakamani yule mama hakuja. Mume alimhamishia kwao. Kesi ikafa.

Niliumia sana, ila nilijifunza kazi. Kuanzia hapo maelezo ya shahidi nayachukua siku hiyohiyo, daktari namfuata mwenyewe mpaka asaini, na shahidi wa pili namtafuta kabla ukoo haujakaa kikao. Mkuu wa upelelezi alilisoma lile jalada lililokufa, akaanza kunipa mengine. Kwa hiyo neno langu kwa binti ni hilo: omba jalada. Ukipewa kiti chenye mto, shukuru, halafu omba jalada.

Nitaendelea. Maswali karibuni.

Kijana_Nkuhungu

Shikamoo mama. Nimesoma mara mbili. Swali: hiyo ya kuvuka kutoka Sajenti kwenda Mkaguzi Msaidizi, unaomba mwenyewe au unasubiri uonwe? Na je, uzazi haukukurudisha nyuma? Dada yangu yupo kazini, hilo ndilo linamsumbua.

MamaWaJalada

Marahaba mwanangu. Kozi zinakwenda kwa orodha na mapendekezo ya mkuu wako, kwa hiyo uonwe kwanza, na anayekuona ni yule anayesoma kazi zako. Kozi za chini tulizifanya Moshi, za uofisa Kurasini, Dar es Salaam.

Uzazi ulinirudisha, sitaficha. Jina langu lilitoka kwenye orodha ya kozi nikiwa na mimba ya miezi mitano. Mkuu wangu wa wakati huo, simtaji na kituo sikitaji, alilikata kwa kalamu bila kuniita. Nikajua siku wenzangu wanafunga mabegi. Nafasi iliyofuata niliipata baada ya miaka minne. Nyota ya kwanza niliivaa mwaka 2003, wakati niliotoka nao depo wengine tayari ni warakibu wasaidizi.

Mwambie dada yako afanye nisichofanya mimi. Mapema kabisa aandike barua: nina mimba, nitajifungua mwezi fulani, naomba nafasi yangu ya kozi ihamishiwe awamu inayofuata. Nakala abaki nayo yenye mhuri. Mimi nilinyamaza nikidhani wataniona mvivu, na kwa kuwa hakukuwa na karatasi, sikuwa na pa kushika nilipolalamika.

WP_Singida

Shikamoo afande. Mimi nipo trafiki, Singida, mwaka wa tisa. Umenigusa hapo kwenye kupendelewa, maana mimi lilinipata kinyume: niliomba upelelezi nikaambiwa mwanamke mwenye mtoto mchanga hawezi kuitwa saa nane usiku. Nikasema naweza, nina mama mkwe nyumbani. Wakacheka. Nimepangwa barabara kuu, nasimama juani tangu alfajiri, malori ya kwenda Rwanda na Burundi yananipita na upepo wake. Eti hiyo ndiyo kazi nyepesi ya mama mwenye mtoto.

Ajali ndizo zimenifundisha. Nachora ramani ya tukio vizuri kuliko wengi hapa, napima alama za breki, nachukua maelezo ya kondakta kabla hajapigiwa simu na tajiri. Je, hili linahesabika au nimeshapotea njia?

MamaWaJalada

Mwanangu, linahesabika sana, ila likiandikwa. Jalada la ajali yenye vifo ni jalada kamili: ramani, maelezo, mkaguzi wa magari, daktari, mwendesha mashtaka. Weka kwenye daftari lako binafsi kila kesi: namba yake, tarehe, ilifika wapi. Siku ya usaili usiseme "nina uzoefu wa miaka 9". Sema nimepeleleza ajali kadhaa, hizi ndizo namba zake, na hizi ndizo zilizopata hukumu. Sijaona bado anayemcheka mtu mwenye namba.

Na huyo mama mkwe mtunze. Mimi nililelewa watoto wawili na mama yangu mzazi, aliyehama Mpwapwa akaja kuishi nasi kota, chumba kimoja na sebule. Kila mkeka wa uhamisho ulipotoka tulihama wote, na mbuzi wake.

Mchumi_wa_Kibaigwa

Mama, nakuheshimu na simulizi yako ni nzito. Lakini tuambiane ukweli. Huko juu ni uteuzi. Mtu anaweza kushika majalada miaka 30 asionekane, na mwingine akapaa. Na siku hizi wanawake wanatafutwa kwa ajili ya kujaza nafasi ili ionekane kuna usawa. Je, hilo halimuumizi mwanamume mchapakazi?

MamaWaJalada

Kaka, la uteuzi sikubishii. IGP anateuliwa na Rais, na tangu uhuru hajawahi kuwa mwanamke. Wa kwangu mimi walikuwa Mahundi, Mahita, Mwema, Mangu, Sirro, na tangu 2022 Wambura.

Ila hilo la kujaza nafasi, tazama watu wenyewe. Suzan Kaganda alifika cheo cha Kamishna wa Polisi, akashika Utawala na Menejimenti ya Rasilimali Watu, baadaye akawa balozi wetu Zimbabwe. Kabla ya hapo alikuwa Kamanda wa Mkoa wa Tabora, akapita Kinondoni. Tabora na Kinondoni si mahali pa kupeleka mtu wa kupamba meza. Na jirani zetu wa Uhamiaji, wizara ileile ya Mambo ya Ndani, Kamishna Jenerali aliyeteuliwa tangu enzi za Magufuli ni Dkt. Anna Makakala. Hao wawili ninawataja kwa sababu kazi zao zinajulikana.

Mwanamume mchapakazi anaumia pale mzembe anapopandishwa, awe wa kiume au wa kike. Hapo mimi na wewe tupo upande mmoja.

Neema_Chamwino

Samahani mama, naingia kama raia tu. Mimi nilipigwa na mume wangu mwaka 2019 nikaenda kituo kimoja, nikaelekezwa dawati la jinsia. Askari wa kike alinipokea vizuri, alinipa maji. Lakini dawati lenyewe lilikuwa meza kwenye korido. Nasimulia mambo ya chumbani, watu wanapita kufuata dhamana za pikipiki zao. Jirani yangu akaniona. Jioni mtaa mzima unajua. Sikurudi tena kufuatilia kesi.

Ninyi mnazungumza vyeo, na ni vizuri. Mimi cheo cha mwanamke kilinisaidia nini pale?

MamaWaJalada

Dada Neema, pole sana. Nimekaa na ujumbe wako tangu jana. Naomba nikujibu kwa urefu.

Mtandao wa Polisi Wanawake ulianzishwa mwaka 2007, wakati wa IGP Mwema, na miaka hiyohiyo yakaanza madawati ya jinsia na watoto. Mimi nilipelekwa dawati mwaka 2009. Nilikuwa na meza moja, viti viwili, daftari, na pazia nililolishona mwenyewe. Mwanamke akija analia, nampeleka nyuma ya pazia, na nyuma ya pazia kuna dirisha la mahabusu. Wanaume waliofungwa wanasikia kila kitu. Siku moja mtoto wa darasa la nne alikuwa anajaribu kunieleza alichofanyiwa na mjomba, sauti ikatoka mahabusu ikimwita jina lake. Mjomba mwenyewe alikuwa mle. Mtoto hakusema neno tena siku ile, wala kesho yake.

Nilikwenda kwa OCS, mkuu wa kituo, kuomba chumba. Akasema hakuna chumba. Nilirudi mara nne kwa miaka miwili. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na kituo kilichojengwa kwa ajili ya askari kumi na wana arobaini. Ila yeye hakuwa anakaa kwenye ile meza.

Mwaka 2011 niliomba kutoka dawati. Wenzangu walinishangaa, bosi wangu mmoja akaniambia mwanamke mahali pako ni pale, unataka nini kingine? Nikamwambia nataka kituo. Mwaka 2012 nikapewa kituo kidogo, nikiwa Mkaguzi. OCS.

Siku ya kwanza paredi ya saa moja asubuhi, Staff Sajenti mmoja mtu mzima, aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi, hakunipigia saluti. Alisimama wima, mkono haukupanda. Sikumfokea. Nilimwambia tuongozane. Tukaanza ghala la silaha, nikahesabu bunduki moja moja, namba kwa namba, kisha risasi. Tukaenda chumba cha vielelezo. Kulikuwa na baiskeli zaidi ya thelathini, mabati, magunia ya bangi, redio, pikipiki mbili, vingine bila kibandiko, kesi zake zimeisha zamani na wenyewe hawajarudishiwa mali. Tulishinda mle hadi adhuhuri, vumbi mpaka kwenye kope, yeye anasoma namba mimi naandika. Tulipotoka alipiga saluti. Mpaka anastaafu ndiye aliyekuwa ananifundisha kituo kile: nani anakunywa, nani ana mgonjwa nyumbani, diwani gani hupiga simu usiku kuomba mtu aachiwe.

Ndani ya wiki sita tulirudisha mali kwa wenyewe kwa amri ya mahakama, na kile chumba kikabaki kitupu. Dada Neema, nilikifanya dawati. Kina mlango unaotokea nyuma, upande wa mti wa mwarobaini. Mwanamke anaingia kwa nyuma, hapiti kaunta, hamuoni aliyefuata dhamana, mahabusu hawamsikii. Sikuomba kibali cha mtu yeyote kwa sababu mpangilio wa vyumba vya kituo upo mkononi mwa OCS. Nilichokiomba miaka miwili nikiwa mkaguzi msaidizi wa dawati, nilikifanya kwa funguo moja nikiwa na kituo.

Hicho ndicho cheo kingekusaidia. Pale kwenye korido yule askari aliyekupa maji alikuwa na moyo, hakuwa na funguo.

Neema_Chamwino

Asante mama. Nimeelewa. Nimelia kidogo.

Kijana_Nkuhungu

Mama, na ile hali ya ukeketaji uliyosimulia, bado ipo hivyo?

MamaWaJalada

Imeshuka sana. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta wanawake 47 katika kila 100 hapa Dodoma wamekeketwa, wa pili baada ya Manyara. Ule wa 2022 umekuta 18. Walimu, wachungaji, mashehe, mashirika na wakunga wamefanya kazi kubwa, polisi peke yao wasingeweza. Lakini wa kichanga haonekani shuleni wala hahesabiki mpaka awe mtu mzima, kwa hiyo mimi hiyo 18 naishukuru huku nina mashaka nayo. Siku hizi kuna polisi kata, wakaguzi wanaokaa na watu kwenye kata zao. Ningekuwa na uwezo, kata za vijijini Bahi, Chemba na Chamwino ningejaza mabinti wanaojua Kigogo na Kirangi na kubangua karanga.

Mchumi_wa_Kibaigwa

Mama, hiyo ya mlango wa nyuma imenishinda nguvu. Nilichoandika juu kuhusu kujaza nafasi nakiondoa. La uteuzi nabaki nalo.

MamaWaJalada

Baki nalo kaka, ni la kweli, na nalibeba nami. Nilipokuwa OCD nilipendekeza majina ya mabinti watatu wazuri wa upelelezi kwa kozi ya uofisa. Alikwenda mmoja. Wawili bado wanasubiri, na mmoja wao ndiye mpelelezi bora niliyewahi kufanya naye kazi, wa kiume au wa kike.

BabaSifa_Kongwa

Shikamoo dada yangu. Nafuatilia kimya. Mwanangu Sifa naye ameitwa kozi hiyohiyo, ndiye wa kwanza kwenye ukoo wetu. Mama yake hataki, anasema polisi watamharibia mtoto. Mimi nataka ila naogopa. Ana futi tano na inchi tano, mwembamba, ila anabeba ndoo mbili kutoka bombani bila kupumzika. Tumwandae vipi?

MamaWaJalada

Marahaba kaka, hongera sana. Kwa urefu yupo salama, matangazo ya ajira wasichana yalitaka futi tano na inchi nne. Aanze kukimbia sasa, alfajiri, kwa viatu, siyo kandambili. Buti mpya humla mtu visigino, kwa hiyo apate soksi nene za kutosha. Moshi usiku ni baridi, sisi wa Dodoma tunaidharau halafu tunakohoa mwezi mzima, anunue sweta. Vyeti halisi aweke kwenye bahasha ya plastiki, nakala ubaki nazo wewe. Nywele anyoe nyumbani, kwa mkono wa mama yake, asinyolewe na mgeni.

Na mama yake mlete kwangu Kisasa Jumapili. Nitampikia, tutazungumza.

BabaSifa_Kongwa

Tumekuja na tumerudi salama dada, asante kwa mlenda na kwa maneno. Mama yake amemnyoa jana.

*(siku tisa baadaye)*

Dada, Sifa ameondoka Jumatatu na basi la alfajiri, alipiga akiwa getini, tangu hapo simu yake haipatikani. Mama yake halali. Ni kawaida?

MamaWaJalada

Ni kawaida kaka, simu wanazikusanya. Atapewa nafasi ya kupiga, huwa jioni, dakika chache, na nyuma yake kuna foleni. Mwambie mama yake awe karibu na simu, na asilie ikiita. Amuulize tu kama sweta limetosha.